Bei ya sarafu mpya ya dhahabu si bei ya dhahabu

Mkusanyaji wa sarafu anayeishi Lubumbashi hukutana na bei ya toleo jipya kabla ya kukutana na sarafu yenyewe. Kiwanda cha kupiga sarafu cha Marekani, cha Uingereza, cha Kanada au cha Afrika Kusini hutangaza picha, kikomo cha idadi, tarehe ya kuanza kuuza na bei kwa dola, na habari hizo hufika kwenye simu zetu saa ile ile zinapofika kwa mnunuzi wa London. Mjadala unaofuata miongoni mwetu ni kama bei hiyo ni ghali au si ghali. Naona swali hilo limeulizwa vibaya tangu mwanzo, kwa sababu bei moja inayotangazwa imebeba ndani yake bei tatu tofauti, na kati ya hizo tatu ni moja tu ambayo mnunuzi ana hakika ya kuipata tena sokoni siku atakapouza.

Bei ya kwanza ni ya metali, na hiyo haina siri. London hutangaza bei ya dhahabu mara mbili kila siku ya kazi, asubuhi na alasiri, na bei ya fedha mara moja, zote kwa aunsi ya gramu 31.1035. Yeyote anayejua uzito wa sarafu na kiwango cha usafi wake anaweza kukokotoa thamani ya kilichomo. Kinachohitaji uangalifu ni kutochanganya uzito wa sarafu nzima na uzito wa dhahabu yake. Krugerrand ya Afrika Kusini, iliyoanza kutolewa mwaka 1967, ina uzito wa karibu gramu 33.93, lakini dhahabu iliyomo ni aunsi moja. Kinachobaki ni shaba, metali ambayo mji wetu unaifahamu vizuri, iliyotiwa ili sarafu iwe ngumu na isikwaruzike upesi, nayo ndiyo inayoipa wekundu wake. Maple Leaf ya Kanada, iliyoanza mwaka 1979, ni dhahabu karibu tupu, kwa hiyo ni nyepesi zaidi ingawa dhahabu ni ile ile.

Bei ya pili ni ya kazi: kuchora, kutengeneza chapa, kuzisugua hadi uwanda wa sarafu, yaani sehemu isiyo na mchoro, uakisi sura ya anayeitazama, kuipiga kila sarafu zaidi ya mara moja, kisha kisanduku, cheti, usafirishaji na faida ya kiwanda. Kazi hiyo inastahili malipo, na sioni sababu ya mkusanyaji kuona haya kuilipia, kwa kuwa sarafu iliyopigwa vizuri ni sanaa inayoshikika mkononi. Bei ya tatu ni ya tumaini. Hapa mtu hulipia imani kwamba toleo litakwisha, kwamba waliochelewa watakuja kulitafuta, na kwamba uhaba utafanya kazi ambayo metali haikuweza kuifanya. Metali itanunuliwa na mtu fulani siku yoyote. Kazi hurudisha sehemu ya gharama yake, pengine ndogo sana. Tumaini ama hurudisha mara nyingi zaidi ya lilivyolipiwa, ama halirudishi chochote, na kiwanda kimekwisha kulipwa kabla jibu halijajulikana.

Tukio la Agosti 2014 linafaa kuchunguzwa kwa utulivu. United States Mint, kiwanda cha serikali ya Marekani, kilitoa nusu dola ya dhahabu yenye sura ya John F. Kennedy kuadhimisha miaka 50 ya nusu dola ya mwaka 1964. Sarafu hiyo ilikuwa na robo tatu ya aunsi ya dhahabu, na bei ya kuanzia ilikuwa dola 1,240. Siku zile dhahabu iliuzwa karibu dola 1,290 kwa aunsi, kwa hiyo metali ilikuwa na thamani ya takriban dola 967, na mnunuzi alilipa kama dola 270 juu yake, yaani asilimia 28 hivi. Katika maonyesho ya sarafu ya Rosemont, karibu na Chicago, foleni zilikuwa ndefu, na baadhi ya waliopanga walikuwa wamelipwa na wafanyabiashara wawasimamie nafasi. Zogo likazidi, hata mauzo ya mkono kwa mkono yakasitishwa baada ya siku chache. Haya yote yalifanyika kwa ajili ya sarafu ambayo haikuwekewa kikomo cha idadi. Aliyeitaka angeweza kuiagiza akiwa nyumbani kwake, kwa bei iliyotangazwa.

Mwishoni mwa mwaka 2015 dhahabu ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 1,060, na robo tatu ya aunsi ikawa na thamani ya dola 795. Atakayewatetea walionunua atakumbusha kwamba mwezi Oktoba 2025 dhahabu ilivuka dola 4,000 kwa aunsi, hivyo metali ya sarafu ile ile ikafikia dola 3,000. Ni kweli walipata, lakini faida hiyo waliipewa na dhahabu, haikutoka kwa Kennedy. Tuchukulie mtu mwingine aliyekuwa na dola 1,240 zile zile mwaka 2014, akanunua sarafu za kawaida za uwekezaji kwa nyongeza ya asilimia 4 juu ya metali. Angepata karibu aunsi 0.92, na dhahabu ilipofikia dola 4,000 angekuwa na takriban dola 3,700. Tofauti ya dola 700 ndiyo gharama halisi ya kazi na tumaini, na iliongezeka pamoja na bei ya dhahabu bila mwenye sarafu kuiona, kwa sababu alikuwa akifurahia kupanda kwa metali na kuhesabu kupanda huko kama ushahidi wa busara yake katika kuchagua. Wakusanyaji wengi hufanya hesabu hiyo potofu, na miaka ambayo dhahabu inapanda ndiyo miaka ambayo kosa hilo hufichika vizuri zaidi.

Je, tumaini halilipi kamwe? Hulipa, na mifano ipo. Mwezi Novemba 2019 United States Mint kilitoa sarafu ya American Eagle ya fedha yenye kumaliziwa kwa namna ya pekee, idadi 30,000, kwa bei ya dola 65.95. Fedha ilikuwa karibu dola 17 kwa aunsi, hivyo metali ilikuwa robo tu ya bei. Kwa kipimo cha metali peke yake, hiyo ilikuwa bei mbaya. Hata hivyo zilikwisha ndani ya dakika chache, na waliozipata waliweza kuziuza kwa zaidi ya dola 1,000. Mfano wa zamani zaidi unafundisha mengi kuliko huo. Mwaka 1995 American Eagle ya fedha yenye alama ya kiwanda cha West Point haikuuzwa peke yake; aliyeitaka alilazimika kununua seti iliyokuwa pia na sarafu nne za dhahabu, kwa dola 999. Dhahabu ya seti hiyo, aunsi 1.85, ilikuwa na thamani ya kama dola 700. Wakusanyaji wa fedha walinung'unika, wengi wakakataa, na sarafu zilizotoka zikawa 30,125 tu. Leo sarafu hiyo moja ya fedha huuzwa kwa maelfu ya dola.

Ukiitazama kwa makini, mifano hii miwili haisemi kwamba toleo dogo huwa na thamani. Inasema kwamba toleo huwa na thamani pale linapokuwa dogo kuliko idadi ya watu ambao tayari wanalihitaji kukamilisha mkusanyiko wao. American Eagle ya fedha ilianza mwaka 1986, na ina wafuasi wengi sana ambao albamu zao zina tundu la kila mwaka na kila alama. Kwa watu hao 30,000 ni chache mno. Sarafu ya idadi 500 iliyotolewa kwa jina la taifa dogo la kisiwani, katika mfululizo ulioanza mwaka jana, inaweza kuwa nyingi mno ikiwa wanaoitaka hawafiki 300. Kisha kuna hili la mwaka 1995 ambalo wanunuzi wa haraka hawapendi kulisikia: uhaba ule ulitokana na watu kuikataa bei. Toleo linalogombaniwa na kila mtu siku ya kwanza hutunzwa na kila mtu, kila moja katika kisanduku chake, nalo hurudi sokoni lote kwa pamoja bei inapopanda kidogo.

Kuhusu hali ya sarafu nitasema machache. Kampuni za kupima hali, hasa PCGS iliyoanza kazi mwaka 1986 na NGC ya mwaka 1987, hutoa alama hadi 70, na sarafu iliyofungwa kwenye plastiki yenye alama 70 huuzwa ghali kuliko yenye 69. Wakazi wa Lubumbashi hawahitaji kufundishwa jinsi hali inavyoshusha thamani: noti ya dola iliyochanika kidogo pembeni hukataliwa sokoni, ingawa huko ilikotoka bado ni dola ile ile. Lakini sarafu za kale zenye alama ya juu ni adimu kwa kuwa zilipita mikononi mwa watu, ilhali sarafu ya leo hutoka kiwandani ikiwa karibu kamilifu na kuingia moja kwa moja kwenye kibumba chake. Anayelipa mara mbili kwa ajili ya 70 katika toleo la mwaka huu amelipia hukumu ya mpimaji kuhusu doa ambalo jicho lake haliwezi kuliona.

Namna viwanda vinavyopanga bei nayo inastahili kufuatiliwa, kwa kuwa hapo ndipo mnunuzi mwenye subira hupata nafasi. Tangu mwaka 2009 United States Mint hupanga bei za sarafu zake za dhahabu za wakusanyaji kwa jedwali linalofuata soko, na bei inaweza kubadilika kila wiki. Kwa fedha utaratibu si huo: bei hutangazwa ikiwa moja, hukaa kwa muda mrefu, kisha hubadilishwa kwa mkupuo. Kwa hiyo fedha inapopanda ghafla, nyongeza juu ya metali hupungua bila tangazo lolote, na aliyekuwa akiona sarafu ni ghali miezi miwili iliyopita anaweza kuikuta imekuwa na bei ya kuridhisha, hadi kiwanda kitakapoamka. Inaposhuka ghafla, kama ilivyotokea mwaka 2011 baada ya kukaribia dola 49 mwezi Aprili, mnunuzi wa bei ya zamani ndiye anayebeba mzigo. Kulalamika kwamba kiwanda kimepandisha bei bila kutazama metali imefanya nini wiki hiyo ni kupoteza pumzi.

Thamani iliyoandikwa juu ya sarafu imewadanganya watu wengi, na sisi Wakongo tuna sababu ya kuielewa kuliko wengine. Muuzaji hupenda kusema kwamba hata metali ikianguka, sarafu bado ni pesa halali kwa thamani iliyoandikwa. Mwaka 1975 Zaïre ilitoa sarafu tatu katika mpango wa kimataifa wa kuhifadhi wanyama: mbili za fedha, ya zaire mbili na nusu yenye sokwe wa milimani na ya zaire 5 yenye okapi, na moja ya dhahabu ya zaire 100 yenye chui. Wakati ule zaire moja ilikuwa dola mbili, kwa hiyo sarafu ya chui iliandikwa thamani ya dola 200, na dhahabu iliyomo, pungufu kidogo ya aunsi moja, ilikuwa na thamani ya chini ya hapo. Kwa nadharia, mwenye sarafu hiyo alilindwa na maandishi. Mwaka 1993 zaire mpya ilichukua nafasi ya zaire za zamani 3,000,000, na mwaka 1998 franka ya Kongo ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Zaire 100 za mwaka 1975 hazikubaki hata kuwa chembe ya senti. Chui wa dhahabu yupo bado, na thamani yake leo inatokana na dhahabu pamoja na uchache wa walionusurika. Mkusanyaji wa hapa anayeambiwa kwamba maandishi ya sarafu ni kinga, aulize kwanza maandishi hayo ni ya pesa ya nchi gani, na kama kuna benki itakayoyaheshimu kaunta.

Jambo hilo linanirudisha kwenye soko letu wenyewe, kwa sababu bei haipo hewani. Ipo mahali ambapo utauza. Hapa Lubumbashi hatutumii sarafu hata kidogo katika maisha ya kila siku, na kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 1998 amekua akishika noti tu. Anayetaka kuuza sarafu ya dhahabu kwa haraka, kwa sababu ya ada ya shule au msiba, atakwenda kwa sonara, na sonara atauliza uzito na karati. Kisanduku, cheti na hadithi ya toleo havitaongeza dola moja, na bado atapunguza kidogo kwa ajili ya faida yake. Anayetaka bei ya mkusanyaji lazima auze nje, akilipia usafirishaji, bima na asilimia ya mnada. Ununuzi una gharama za namna hiyo hiyo, pamoja na forodha. Mkusanyaji wa Johannesburg anaweza kulipa nyongeza ya asilimia 28 na kurejeshewa nusu yake. Sisi tukilipa hiyo asilimia 28, tuihesabu yote kuwa imekwenda, na juu yake tuhesabu safari ya kwenda na ya kurudi. Ndiyo maana napinga kwa nguvu tabia ya kuyaita matoleo haya akiba. Mzazi anayetaka kuwawekea watoto dhahabu anunue dhahabu ya nyongeza ndogo. Mkusanyaji anayependa sarafu ainunue kwa kuipenda, akijua amelipia nini.

Na kama ni kupenda, ningemshauri ageuze macho yake kutoka matoleo mapya. Mwaka 1961, Katanga ikiwa imejitenga na mji huu ukiitwa bado Élisabethville, zilitolewa sarafu za shaba nyeusi za franka 1 na 5, zenye ndizi upande mmoja na msalaba wa Katanga upande wa pili, ule msalaba wa shaba uliokuwa pesa ya mababu zetu kabla ya noti. Pamoja nazo ilipigwa franka 5 ya dhahabu yenye mchoro huo huo, uzito gramu 13.33 na usafi wa sehemu 900 kwa elfu, idadi ikiwa 20,000. Franka 5 wakati ule zilikuwa kama senti 10 za dola, wakati dhahabu iliyomo, kwa bei ya dola 35 kwa aunsi, ilikuwa na thamani ya dola 13.50. Hakuna mtu aliyekusudiwa kununua mkate kwa sarafu hiyo. Ilikuwa, kwa maneno mengine, toleo jipya la metali ya thamani kwa ajili ya wakusanyaji na kwa ajili ya heshima ya nchi changa, na aliyeikuta inauzwa mwaka ule alikabiliwa na bei zile zile tatu tulizozitaja.

Tofauti ni kwamba kwake yeye hatima ya sarafu ilikuwa bado haijulikani, na kwetu inajulikana. Nchi iliyoitoa ilikwisha mwezi Januari 1963, idadi haiwezi kuongezwa, na historia yake imeandikwa kwa damu na kwa shaba ya mji huu. Dhahabu yake, karibu gramu 12, inakokotolewa kwa dakika moja. Ukikuta mtu anaiuza kwa nyongeza isiyozidi ile ambayo kiwanda cha Ulaya kinadai kwa sarafu ya mwaka huu yenye joka au mhusika wa sinema, sioni hoja ya kuchagua joka. Hali ni hiyo hiyo kwa sarafu za dhahabu za mwaka 1965 zenye sura ya rais Kasa-Vubu, zilizotolewa kwa miaka mitano ya uhuru, mwaka ule ule alioondolewa madarakani. Pima kwanza, linganisha kipenyo na unene na vipimo vya katalogi, kwa sababu sarafu zenye majina makubwa huigwa, kisha jadili bei ukianzia kwenye metali na kupanda polepole.

Kuna pia sarafu zinazobeba jina letu bila kutupitia. Tangu mwaka 1999 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imeonekana kwenye sarafu nyingi za fedha za franka 10, zenye meli, wanyama na matukio ya michezo, zilizopigwa nje na kuuzwa kwa wakusanyaji wa nje. Nyingine zinazouzwa kwa jina la Kongo, kama aunsi ya fedha yenye sokwe dume iliyoandikwa franka 5,000 za CFA, si zetu kabisa bali ni za Brazzaville, kwani franka ya CFA haitumiki huku. Mkusanyaji wa Lubumbashi anayelipa nyongeza kwa sababu ya kuona jina la nchi yake asome maandishi hayo kabla ya kulipa. Na Benki Kuu ya Kongo, kila inapokubali jina la Jamhuri litumike kwenye toleo kama hilo, itangaze hapa nyumbani idadi iliyopigwa na uzito wa metali, na itenge sarafu kadhaa ziuzwe Kinshasa na Lubumbashi kwa bei ile ile anayouziwa Mjerumani, na nyingine ziwekwe katika Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, mahali ambapo wanafunzi wetu wanaweza kuzitazama bila kulipa nyongeza yoyote.